Bita ya mitishamba ya Kijerumani: namna ya kuitengeneza jikoni bila kuiharibu

Baridi ikianza tu Ujerumani, maswali ni yale yale. "Nimeloweka mizizi wiki tatu, mbona haipiti kooni?" "Nitumie pombe gani?" "Ile ya Schierke inatengenezwaje?" "Naweza kutia mwarobaini?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, ili anayeanza leo apate kitu kinachonyweka kwenye chupa yake ya kwanza.

Ukisahau mengine yote humu, shika hili moja: vitu vichungu na vitu vya harufu viloweke mbalimbali, kila kundi katika mtungi wake. Uchungu unaweza kuuongeza tone kwa tone mpaka uridhike, lakini ukishazidi huna pa kuupeleka. Maelekezo mengi yanakwambia utupe kila kitu mtungi mmoja usubiri mwezi, na karibu kila malalamiko ninayoyasikia yanaanzia hapo.

Tunazungumzia kinywaji gani

Wajerumani huita Kräuterlikör, au Kräuterbitter, au Magenbitter, yaani bita ya tumbo. Ni pombe kali iliyolowekwa mizizi, majani, maganda na mbegu, kisha ikatiwa sukari. Wafamasia wa zamani walikuwa na vyote hivyo rafuni, pamoja na mizani na ujuzi wa kuloweka, kwa hiyo si ajabu kwamba baadhi ya bita mashuhuri zilizaliwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Mfano ninaoupenda ni Schierker Feuerstein. Mwaka 1908 mfamasia Willy Drube aliianzisha Schierke, kijiji kilicho chini ya mlima Brocken katika safu ya Harz. Jina Feuerstein, yaani "jiwe la moto", lilitokana na rangi yake nyekundu iliyokolea, inayofanana na miamba ya itale ya pale kijijini. Ina asilimia 35 ya kileo, na huuzwa kama "Halb-Bitter", bita nusu: uchungu upo, lakini haukutawali. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mpaka wa Ujerumani mbili ulikatiza Harz, ikawa inatengenezwa Schierke upande wa mashariki na Bad Lauterberg upande wa magharibi.

Si kila bita ina asili ya famasi. Jägermeister ilitoka Wolfenbüttel katika miaka ya 1930, kwa familia ya Mast iliyokuwa ikitengeneza siki. Underberg ya Rheinberg ni ya mwaka 1846. Na Klosterfrau Melissengeist, yenye asilimia 79, inauzwa famasi kama dawa, ina masharti yake ya kuchanganywa na maji, na si kitu cha kumiminia wageni baada ya chakula.

Mapishi ya kampuni hizo ni siri, nami sitakudanganya kwamba ninayo. Tunachotengeneza hapa ni bita nusu ya ukoo huohuo.

Kabla hujagusa chochote

Kuloweka mitishamba katika pombe ya dukani iliyokwisha lipiwa kodi, kwa matumizi yako ya nyumbani, hakuna tatizo Ujerumani. Kutonesha pombe mwenyewe ni jambo jingine: tangu mwaka 2018 hairuhusiwi hata kwa chombo kidogo cha mezani. Kuuza nako kuna usajili, kodi na sheria za lebo, kwa hiyo chupa zako ziwe za nyumbani na za zawadi.

Usimpe mtu bita hii kama dawa. Sheria ya Ulaya imekataza kinywaji chochote chenye zaidi ya asilimia 1.2 ya kileo kunadiwa kwa faida za afya, na sababu ipo. Uchungu huamsha mate na hamu ya kula, lakini pombe yenyewe huchelewesha tumbo kumwaga chakula. Mjamzito asinywe, wala anayenyonyesha. Mwenye vidonda vya tumbo akae mbali, kwa sababu mzizi wa Enzian (mmea mchungu sana wa milimani) haumfai hata bila pombe. Mwenye shinikizo la damu aondoe Süßholz (mzizi mtamu, licorice kwa Kiingereza) kwenye orodha. Anayetumia dawa za kila siku amuulize mfamasia wake kwanza. Na mgeni ambaye dini yake au nia yake haimruhusu pombe, mwandalie chai ya shamari na danzi, wala usimbembeleze.

Vifaa

Mitungi miwili ya kioo yenye mifuniko inayobana, mmoja wa ml 250 na mwingine wa lita moja. Kinu kidogo na mchi. Chujio la chai, kitambaa safi cha pamba, na karatasi za kuchujia kahawa. Chombo cha kupimia chenye alama za ml 10. Chupa ya kuhifadhia, ya kioo cheusi ukiweza.

Kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote ni mizani. Mizani ya kawaida ya jikoni haijui gramu 3 ni nini. Itasoma 2, mara 5, nawe utaamini. Nunua ile ndogo inayofanana na ya sonara, inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Bei yake ni ndogo, na utaitumia kwa mambo mengine mengi. Sufuria za alumini na vyombo vya plastiki viache kabatini, maana pombe hunyonya ladha zisizotakiwa.

Mahitaji

Pombe: chupa moja ya Doppelkorn (pombe kali ya nafaka) yenye asilimia 38, ml 700. Inapatikana karibu kila duka kubwa Ujerumani na haina harufu ya kushindana na mitishamba. Vodka ya asilimia 38 au 40 ni sawa pia. Usinunue ya bei ghali, utaifunika kabisa.

Mtungi mdogo, wa uchungu:
- Enzianwurzel (mzizi wa Enzian), gramu 4
- Tausendgüldenkraut (majani machungu), gramu 3

Mtungi mkubwa, wa harufu:
- maganda makavu ya danzi (Pomeranzenschale), gramu 6
- Angelikawurzel (mzizi wa Angelika, wenye harufu), gramu 3
- Süßholz, gramu 3
- shamari, gramu 2
- giligilani, gramu 2
- tangawizi kavu, gramu 2
- iliki, punje 5
- mdalasini, gramu 2
- karafuu, punje 3

Kwa shira: sukari gramu 100 na maji ml 80.

Mizizi na majani nunua famasi, ile yenye alama nyekundu ya herufi A mlangoni. Mitishamba ya famasi imepimwa ubora na utambulisho wake, nawe unajua unachokula. Sema tu kwamba unataka kutengeneza Kräuterlikör. Wafamasia wengi hufurahi kuulizwa, na wapo watakaokupimia gramu chache badala ya kukuuzia pakiti nzima. Wasipokuwa nayo siku hiyo, huagizwa. Viungo vingine viko maduka ya Waturuki na Waarabu kwa bei nafuu zaidi. Karafuu kama una za Unguja au Pemba ulizotumiwa na nyumbani, zitumie: zikiwa bado na mafuta, ukibonyeza kichwa kwa ukucha unayaona, na punje 3 zinatosha kabisa.

Onyo ambalo sitalifupisha

Usichimbe Enzian mwenyewe milimani. Kwanza ni mmea unaolindwa na sheria Ujerumani. Pili, kuna mmea mwingine uitwao Weißer Germer unaoota malisho yaleyale na kufanana nao sana kabla ya kutoa maua, na huo ni sumu kali inayoshusha mapigo ya moyo. Tofauti inayofundishwa ni kwamba majani ya Enzian hutoka mawili mawili yakitazamana, na ya Germer hupishana moja moja. Lakini mzizi ukishachimbwa hauna majani, na watu wamelazwa hospitali kwa kosa hili hili.

Mwarobaini sasa. Najua kwa nini unaulizwa: ni mchungu, ni wa kwetu, na kila nyumba inao. Hapana. Pombe hukamua kutoka katika mmea vitu ambavyo maji ya moto hayavitoi kwa kiasi hicho, na mwarobaini uliokolezwa unaweza kudhuru ini. Shubiri nayo hapana, inaendesha tumbo vibaya. Pakanga hutumika Ulaya, ila ina thujone, kemikali yenye sumu ikizidi, ambayo kwenye bita za dukani imewekewa kikomo cha kisheria. Jikoni huna namna ya kuipima, kwa hiyo anayeanza aiache. Kalmus (mzizi wa mmea wa kinamasi) pia iache hata ukiikuta katika mapishi ya zamani.

Na kwa mnaosoma mkiwa Afrika Mashariki: vodka ya kiwandani yenye stempu ya kodi inafaa. Konyagi ni asilimia 35 na ina ladha yake tayari, itagombana na danzi. Gongo au chang'aa usiloweke chochote humo, hata kama unamwamini aliyekuuzia. Methanoli, pombe ya sumu, haina rangi wala ladha ya kukushtua, na hakuna mzizi unaoiondoa.

Hatua

1. Safisha. Osha mitungi kwa maji ya moto na sabuni, suuza, acha ikauke kabisa. Matone ya maji yaliyobaki hupunguza nguvu ya pombe, na mtungi wenye harufu ya achari utakupa bita ya achari.

2. Ponda, usisage. Shamari na giligilani zipasue tu kwenye kinu. Iliki ifungue ganda. Mizizi ivunje vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Unga laini utakupa tope ambalo halichujiki hata kwa siku nzima, na uchungu unaotoka kwa kishindo. Usitumie kabisa viungo vya unga vya pakiti.

3. Jaza mtungi mdogo. Weka Enzian na Tausendgüldenkraut, mimina ml 150 za Doppelkorn. Funga, andika tarehe kwenye kipande cha karatasi na ubandike. Hakikisha majani yote yamezama.

4. Jaza mtungi mkubwa. Weka vyote vya harufu isipokuwa mdalasini na karafuu. Mimina ml 550 zilizobaki. Funga, andika tarehe.

5. Weka kabatini, mahali penye giza na joto la kawaida la nyumba. Usiweke juani dirishani kama picha nyingi zinavyoonyesha. Jua huua rangi na harufu ya maganda. Tikisa kila siku mara moja, sekunde chache.

6. Siku ya 7, chuja mtungi mdogo. Tumia chujio la chai kwanza, kisha karatasi ya kahawa. Utapata kama ml 130 za maji ya manjano-kahawia. Onja kwa kuchovya ncha ya kijiko, si zaidi. Ndani ya Enzian kuna kitu kiitwacho amarogentin, ambacho ulimi wa binadamu hukitambua hata kikizimuliwa mara milioni 58. Ukimeza kijiko kizima hutaweza kuonja kitu kingine siku hiyo.

7. Siku hiyohiyo ya 7, tia mdalasini na karafuu kwenye mtungi mkubwa. Hivi viwili hutoa ladha haraka sana, na karafuu ikikaa siku kumi na kitu utakuwa umetengeneza dawa ya meno. Siku tatu zinavitosha.

8. Siku ya 10, chuja mtungi mkubwa. Kwanza chujio, halafu kitambaa. Kitambaa kikamue taratibu, usikisonge kwa nguvu zote, maana matope ya mizizi yatapita. Mwisho pitisha kwenye karatasi ya kahawa. Karatasi ikiziba badilisha, usiikwangue kwa kijiko. Utabaki na ml 490 hivi, kwa sababu mitishamba hubaki na sehemu yake.

9. Pika shira. Chukua gramu 30 za sukari, ziweke kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo mpaka ziyeyuke na kuwa rangi ya kahawa nyepesi. Ondoa motoni, mimina ml 80 za maji ya moto ukiwa umesogeza uso pembeni, kwa sababu itachemka ghafla na kurusha. Rudisha motoni, tia gramu 70 zilizobaki, koroga mpaka kila kitu kiyeyuke. Sukari iliyounguzwa hutoa ile rangi ya kahawia yenye wekundu, na uchungu wake mwembamba unaoana vizuri na danzi. Acha ipoe kabisa. Pombe isikaribie jiko linalowaka, na usimimine shira ya moto ndani ya pombe: harufu uliyoisubiri siku kumi itaondoka na mvuke.

10. Changanya. Mimina maji yote ya mtungi mkubwa kwenye chombo safi. Tia ml 40 za mtungi wa uchungu. Mimina shira yote, koroga, subiri dakika tano, onja kijiko kimoja. Kisha ongeza uchungu ml 10 kwa ml 10, na kila mara unywe maji na kusubiri kidogo, kwa sababu uchungu huchelewa kufika nyuma ya ulimi. Wengi husimama kati ya ml 40 na 70. Uchungu uliobaki usimwage. Uweke kwenye chupa ndogo, utakuokoa chupa inayofuata.

11. Lala nayo. Jaza chupa, funga, rudisha kabatini wiki nne angalau. Hii ndiyo hatua watu huiruka, kisha wanasema bita ya nyumbani inachoma. Siku ya kwanza utasikia pombe hapa, karafuu pale, sukari pembeni. Baada ya mwezi utasikia kinywaji kimoja.

Hesabu ya kileo

Hesabu hii wengi huikimbia bure. Zidisha kiasi cha pombe uliyotumia kwa asilimia yake, kisha gawanya kwa ujazo wa mwisho. Tuseme umetumia ml 490 za harufu na ml 70 za uchungu, jumla 560, zote za asilimia 38. 560 mara 38 ni 21,280. Shira yako ni kama ml 140, kwa hiyo ujazo wa mwisho ni ml 700. Gawanya: asilimia 30 na kitu. Kwa sheria za Ulaya, likör inatakiwa iwe na asilimia 15 kwenda juu, na sukari gramu 100 kwa lita au zaidi. Yako ina karibu gramu 143 kwa lita. Umo ndani kote kuwili.

Unataka ifike 35 kama ya Schierke? Badala ya Doppelkorn, nunua Primasprit (pombe kali tupu, isiyo na ladha) ya asilimia 69.9. Pima ml 440, changanya na ml 260 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Unapata pombe ya asilimia 44 hivi, na hatua nyingine zote zinabaki vilevile. Usiloweke kwenye Primasprit tupu ukidhani nguvu zaidi ni bora zaidi. Itavuta utomvu na mafuta mengi, na ukitia shira tu, chupa nzima itageuka maziwa.

Mambo yakienda kombo

*Haiangazi, imekuwa nyeupe-nyeupe.* Mafuta ya shamari na danzi yamejitenga kwa sababu kileo kimeshuka. Si uharibifu. Iweke kwenye friji usiku mzima, ichuje ikiwa baridi kwa karatasi ya kahawa. Ikikaidi, ongeza ml 20 za vodka.

*Kuna vumbi chini ya chupa.* Hilo ni la kawaida baada ya wiki kadhaa. Mimina juu taratibu kwenye chupa nyingine, uache vumbi nyuma.

*Ni chungu mno.* Kama umefuata mitungi miwili hili halikupati. Kama ulitupa vyote pamoja, dawa ni kutengeneza mtungi mwingine wa harufu bila uchungu wowote, kisha kuuchanganya na huo. Sukari peke yake haitakusaidia. Utapata kitu kitamu na kichungu kwa pamoja.

*Ni tamu inayochosha.* Ongeza uchungu uliouhifadhi, ml 5 kwa wakati.

*Nasikia karafuu tu, ulimi unakufa ganzi.* Umezidisha punje au siku. Loweka gramu 4 za maganda ya danzi kwenye ml 200 za Doppelkorn kwa siku tano, chuja, changanya.

*Haina harufu.* Mara nyingi ni viungo vya zamani. Ponda shamari moja kabla hujaanza. Kama haikujazi pua, haitaijaza chupa.

*Nimetumia maganda mabichi ya chungwa badala ya danzi.* Inawezekana, gramu 15 za maganda mabichi, ila tunda liwe lisilopigwa dawa ganda (lebo huandikwa "unbehandelt"), na ile nyama nyeupe uikwangue yote. Utakosa uchungu wa danzi, kwa hiyo anza na ml 50 za mtungi wa uchungu.

*Kuna ukungu wa kuvu juu ya mtungi.* Majani yalielea nje ya pombe, au pombe yenyewe ilikuwa hafifu. Mwaga vyote. Usichuje, usionje.

Kuinywa

Kipimo cha Kijerumani ni glasi ndogo ya ml 20, baada ya mlo mzito wa bata au kabichi ya Grünkohl na soseji, na moja inatosha. Wengine huinywa baridi kutoka friji, lakini baridi huficha harufu uliyoihangaikia, nami ningekushauri joto la nyumba kwa glasi ya kwanza. Ukiwa na safari ya gari usiiguse: kikomo Ujerumani ni promili 0.5 (sehemu 0.5 ya kileo kwa elfu moja ya damu), na mwenye leseni mpya haruhusiwi hata kidogo.

Ikifungwa vizuri na kukaa gizani, hudumu mwaka na zaidi. Bandika lebo yenye tarehe, kileo, na orodha ya vyote vilivyomo, hasa Süßholz na Angelika, ili unayempa zawadi ajue kama inamfaa, na iweke juu pasipofikiwa na watoto, kwa sababu rangi yake ni ya soda.